Seremala Ashike Nyundo ya Mhunzi

Tukitaja utamaduni katika nchi hii, watu wengi hufikiri ngoma. Baada ya ngoma hufikiri nyimbo, na baada ya nyimbo hufikiri vinyago, na hapo hesabu ya utamaduni wa Taifa huwa imekwisha. Siyapuuzi hayo matatu. Lakini nauliza: njuga zinazolia miguuni mwa mchezaji zilitoka wapi? Ndimi za chuma za ilimba ya Wagogo, chombo alichokipiga marehemu Hukwe Zawose mbele ya mataifa, zilipondwa na mkono wa nani? Tezo iliyochonga mpingo wa Mmakonde ilifuliwa juu ya fuawe ya nani? Nyuma ya kila ngoma tunayoishangilia, na kila kinyago tunachowauzia wageni, amesimama mtu mwenye nyundo, uso umejaa masizi, na hakuna anayemtaja. Tumeukubali utamaduni unaopanda jukwaani, tukausahau ule ulioufulia vyombo vyake.

Makala haya yanamhusu mtu huyo, na yanamhusu zaidi ndugu yake ambaye siku hizi unaweza kumkuta hapa na pale, mjini na kijijini. Huyo ni seremala ambaye, akimaliza kazi yake ya mbao, hujijengea tanuru dogo uani na kujifunza kufua chuma, ili ajitengenezee patasi, bobari na tezo zake mwenyewe. Hafui kwa ajili ya kuuza. Hufua kwa kupenda, jioni na siku za mapumziko, kama mwingine apendavyo kucheza bao. Nimewasikia watu wenye elimu wakimcheka. Wengine wao ni walimu, na wengine ni watumishi wenzangu wa serikali. Nimeamua kuwajibu hadharani, kwa kuwa kicheko chao kinawafikia vijana, na kijana husoma haraka zaidi katika kicheko cha mwalimu wake kuliko katika kitabu chake.

Kwanza tueleze afanyacho fundi huyu, maana wengi wa wanaomcheka hawakijui.

Seremala hununua patasi dukani. Patasi hiyo inang'aa, ina mpini wa plastiki wenye rangi ya kupendeza, na bei yake ni nafuu. Akiipiga kwenye msonobari, inakata. Akiipiga kwenye mninga, mkongo au mpingo, mara nyingi makali yake hukunjika kama ukingo wa debe. Hukunjika kwa sababu chuma chake hakina kaboni ya kutosha, au kinayo lakini hakikuchomwa na kupozwa ipasavyo. Fundi hunoa tena, akapoteza nusu saa. Hupiga tena, nayo ikakunjika tena.

Ndipo siku moja huchukua bamba la springi ya gari bovu, au tupa kuukuu iliyokwisha meno. Anajua, kwa kuwa amejifunza, kwamba springi ina kaboni ya kiasi cha nusu ya asilimia au zaidi kidogo, na tupa nzuri hukaribia asilimia 1, ilhali nondo ya kawaida ya kujengea ina kaboni kidogo mno hata haishiki makali. Huliweka bamba katika mkaa unaopulizwa mpaka likawa jekundu, likakaribia rangi ya chungwa, kisha hulifua juu ya fuawe lingali na moto wake. Umbo likipatikana, hulichoma tena na kuliacha lipoe polepole ndani ya majivu, ili lilegee na kukubali tupa. Akimaliza kulisawazisha kwa tupa hulirudisha motoni mpaka sumaku isilishike tena, jambo ambalo hutokea karibu na nyuzi 770 za Sentigredi. Hulipeleka mbele kidogo ya hapo, kisha hulizamisha katika mafuta.

Sasa chuma kimekuwa kigumu kama kioo, na kama kioo huvunjika. Kwa hiyo hukisugua king'are, akakipasha moto taratibu huku akizitazama rangi zinavyotembea juu ya uso wake: kwanza rangi ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu. Patasi huzimwa ikiwa na rangi ya majani makavu, karibu na nyuzi 230. Tezo, ambayo hupokea kishindo kikubwa zaidi, huachwa iende mbele kidogo. Akichelewa kwa pumzi chache, makali yamelegea na kazi ya siku nzima inaanza upya.

Haya ndiyo wanayoyaita mchezo! Mwalimu wa kemia, na wewe mwalimu wa fizikia, niambieni: katika maabara zenu ni zoezi gani linalokusanya pamoja kaboni ndani ya chuma, fuwele zinazobadilika kwa joto, usumaku unaopotea na kurudi, na oksidi inayotanda juu ya metali na kuigeuza rangi? Seremala huyu anayasoma yote hayo kwa macho yake, na mtihani wake husahihishwa na gogo la mninga, ambalo halipokei maelezo.

Sasa nizijibu hoja zao moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza husema: patasi zipo dukani, kwa nini mtu ajitese? Hoja hii ingekuwa na nguvu kama shida ingekuwa ni kukosekana kwa patasi. Shida yenyewe ni nani anayeamua patasi iwe ya namna gani. Fundi anayechonga mlango wa Kizanzibari huhitaji bobari lenye mkunjo unaolingana na jani analolichonga, na jani hilo hulijua yeye, halijulikani kwa mwenye kiwanda aliye ng'ambo ya bahari. Akikosa bobari hilo, hufanya mojawapo ya mambo mawili: huacha kuchonga jani, au hulibadili jani lilingane na patasi aliyouziwa. Hivyo ndivyo nakshi inavyokufa. Haifi kwa amri ya mtu. Hufa kwa kukosa chombo cha kuichongea, na sisi tuliobaki tukasema kwamba vijana wa leo hawana ustadi.

Tena, aliyewahi kufua patasi moja, hata kama ilikuwa mbaya, hadanganyiki tena dukani. Hujaribu ukingo kwa tupa, husikiliza mlio wa chuma, hutazama uzito. Mnunuzi asiyejua kitu hutengenezwaje ni mateka wa mwenye kukiuza. Simwambii seremala ajitengenezee kila kitu. Msumeno wa kiwandani ni chombo kizuri, na mwenye akili hununua msumeno. Ninasema kwamba anayenunua kwa kuwa amechagua kununua, na anayenunua kwa kuwa hana ajualo, ni watu wawili mbalimbali. Wahenga walisema, kozi mwandada kulala na njaa kupenda. Tunayemtaka ni fundi mwenye ustadi wa kozi, ambaye hata akiacha kuwinda, ameacha kwa hiari yake.

Hoja ya pili husema: kila mtu na kazi yake, mhunzi afue, seremala arande. Naiheshimu hoja hii kuliko nyingine, kwa sababu jamii zetu zilijengwa juu ya kusaidiana. Lakini yapo mawili ya kuwauliza wenye hoja hii. Kwanza, mhunzi wenyewe yuko wapi? Katika kata nyingi mzee wa mwisho aliyejua kuzima chuma amezikwa, na mivukuto yake ikageuka chakula cha mchwa. Huwezi kumtuma seremala kwa jirani ambaye nyumba yake imebaki magofu. Pili, pale mhunzi alipo, seremala aliyejaribu kufua ndiye mteja wake bora. Ameona jasho la kazi ile. Hatapunguza bei kwa dharau, wala hatakubali chuma kilichochomwa kwa haraka. Mgawanyo wa kazi usio na ujuzi wa pamoja huzaa watu wasioweza kuthaminiana. Kwa hiyo namwomba seremala huyu asiishie kwenye picha na vitabu. Akimkuta mzee wa fuawe, na abishe hodi kwa adabu, akae chini, avukute moto kwa miezi kabla ya kupewa nyundo, na ampe mzee haki yake. Ujuzi hauzeeki, lakini mwenye nao huzeeka, na siku zake zinahesabika.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniudhi. Husema: kufua kwa kujifurahisha ni anasa ya Wazungu wenye kushiba, Mwafrika hufanya kazi ili ale. Mimi ni mtumishi wa serikali mchana, na usiku ninatunga mashairi. Mashairi yangu hayajanijengea nyumba, wala hayajanilipia karo ya mtoto hata mmoja. Katika miaka yangu yote ya utumishi hakuna mtu aliyenicheka kwa kutunga, wala kuniambia kwamba mashairi yaliyokwisha kutungwa yako maktabani, kwa hiyo nisijisumbue. Kwa nini basi mtu mwenye karani na wino aheshimiwe kwa kupenda kwake, na mtu mwenye mkaa na nyundo achekwe kwa kupenda kwake? Jibu ni moja tu. Bado tunaamini kwamba kalamu ni ya waungwana na nyundo ni ya watwana. Hiyo ni kasumba, na aliyeilewa haisikii harufu yake.

Ama kuhusu kusema kwamba mataifa yaliyoendelea yameacha mambo haya, watazame Japani. Nchi ile ina viwanda visivyohesabika, na bado katika miji kama Miki na Sanjo wapo wahunzi wanaofua patasi na randa kwa mkono, wakiunganisha ulimi mgumu wa feleji na mgongo wa chuma laini. Maseremala wa huko hununua zana hizo kwa fahari, wakijua zilifuliwa na nani. Taifa hilo halikuona haya kuwa na kiwanda na fuawe kwa pamoja. Sisi tumeionea haya fuawe kabla hatujashiba viwanda.

Hoja ya nne ni kwamba uhunzi ni kazi ya chini. Hapa naomba wanafunzi wafungue masikio, maana historia ya nchi yao inashuhudia kinyume.

Katika Upare, masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na Profesa Isaria Kimambo na kuchapishwa mwaka 1969 yanaeleza kwamba katika Ugweno, kabla ya Wasuya kuutwaa utawala, walioshika madaraka walikuwa Washana, nao Washana ni ukoo wa wahunzi. Katika Karagwe, miongoni mwa vitu vya enzi vya watawala walikuwamo ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma; mtawala hakuona aibu kuketi karibu na kazi ya mhunzi. Katika Ufipa walijenga tanuru refu kuliko kimo cha mtu, lililovuta hewa lenyewe bila mivukuto, kisha chuma kilichopatikana kikasafishwa katika tanuru dogo la pili. Masalio ya matanuru hayo yako huko mpaka leo kwa atakaye kuyaona. Warongo wa upande wa Geita waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyokwenda mbali, na katika karne ya 19 jembe lilikuwa mali ya kulipia mahari na ya kufanyia biashara mpaka Unyamwezi.

Na Buhaya? Mwaka 1976 wazee wa huko, ambao kwa miaka mingi walikuwa hawajayeyusha chuma, walijenga tena tanuru kwa kumbukumbu zao mbele ya mtafiti Peter Schmidt na wenzake. Mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba watu wa magharibi ya Ziwa Viktoria walikuwa wakipata chuma chenye kaboni, yaani feleji, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, na kwamba waliweza hivyo kwa kuipasha moto hewa kabla haijafika kwenye kaa. Wataalamu wengine wamebishana nao kuhusu hewa hiyo na namna ilivyopashwa, na ubishi huo ni haki ya elimu. Lakini hakuna mwenye akili anayebisha kwamba tanuru lilikuwapo, kwamba chuma kilitoka, na kwamba waliokitoa walikuwa mababu wa watoto wanaokaa leo katika madarasa ya Mkoa wa Kagera wakidhani chuma ni kitu kinachoshuka bandarini.

Ni nani basi aliyelizima tanuru? Jibu la haraka ni mkoloni, na jibu hilo lina ukweli mwingi. Majembe ya viwanda vya Ulaya yaliingia kwa wingi na kwa bei ambayo mhunzi hakuiweza. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 kuyeyusha mawe ya chuma kulififia, na wahunzi waliobaki wakawa wanafua chuma chakavu kilichotoka kwa wageni wale wale. Kijana aliyefundishwa useremala alikabidhiwa sanduku la zana zilizotoka ng'ambo. Alijifunza kuitumia patasi na kuinoa. Kwamba patasi hufuliwa, na kwamba babu yake aliweza kuifua, hilo halikuwa katika ratiba.

Lakini tusimsingizie mkoloni kila kitu, maana msingiziaji hajitibu. Dharau nyingine tulikuwa nayo wenyewe. Wamaasai waliwahitaji wahunzi wao, Ilkunono, kwa kila mkuki na kila sime, na hata hivyo waliwatenga wasioane nao. Mahali pengi siri ya moto ilifungwa ndani ya ukoo mmoja, na ukoo ulipopungua siri ikapungua pamoja nao. Mahali pengi mwanamke alikatazwa hata kulikaribia tanuru. Mambo hayo yalikuwa na maana zake kwa watu wa wakati ule, na mwanahistoria ayaeleze bila kejeli. Lakini sisi hatulazimiki kuyarithi. Turithi moto, tuache mwiko. Seremala anayefua uani kwake, asiye wa ukoo wa wahunzi, amekwisha kuuvunja ukuta mmoja wapo bila kelele. Nataka binti wa kidato cha pili auvunje wa pili.

Kuna hasara nyingine ambayo mimi, kwa kuwa kazi yangu ya mapenzi ni maneno, siwezi kuipita. Kazi ikifa, lugha yake hufa. Muulizeni mwanafunzi wa leo maana ya fuawe, atanyamaza. Muulizeni mvukuto, atasema ni jasho. Feleji amewahi kuisikia katika tenzi, kwenye upanga wa shujaa, wala hajui kwamba inatajwa pale kwa sababu haikunjiki. Neno kiwanda lenyewe, ambalo leo linatupeleka kwenye mabati, ving'ora na malori, zamani lilikuwa jina la ua au mahali pa kufanyia kazi fundi mmoja na nyundo yake. Tunaunda istilahi mpya kila mwaka, na ni vizuri. Lakini istilahi tulizokuwa nazo zinaoza kwa kukosa mkono wa kuzishika. Seremala wetu akimwambia mwanawe, nipe koleo, vuta mvukuto, chuma kisiungue, amefanya kazi ya kamusi, tena bila posho. Nami nimemtungia ubeti huu:

Seremala shika nyundo, chuma chaiva motoni,
Kifue kwa lako pendo, usingoje cha dukani,
Kazi bora ni vitendo, si soga za barazani,
Mwenye chake mkononi, haazimi kwa jirani.

Sasa nigeuke kwa walimu, maana hapa ndipo penye jambo zito.

Mwaka 1967 Taifa lilikubali Elimu ya Kujitegemea. Shina lake lilikuwa kwamba akili na mkono visitenganishwe. Mwaka 1973 likaundwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, ili fundi mdogo apate mahali pa kushika. Hayo yalikuwa mawazo makubwa. Lakini katika shule nyingi kujitegemea kuligeuka kuwa jembe la adhabu: mwanafunzi aliyechelewa akalime. Kazi iliyotolewa kama adhabu haiwezi kupendwa, na mtu hawezi kujitegemea kwa kitu anachokichukia. Sasa tumepata nafasi ya pili. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imefungua mkondo wa amali katika sekondari, na utekelezaji wake ulianza mwaka 2024. Swali ni hili: je, amali hiyo itakuwa elimu, au itakuwa cheti kingine cha kutundika ukutani?

Itakuwa cheti iwapo kijana wa useremala atakabidhiwa sanduku la zana kama alivyokabidhiwa babu yake na mkoloni, akafundishwa kuzitumia mpaka zitakapokwisha, kisha akakaa kusubiri sanduku jingine. Huo ni useremala nusu. Nusu nyingine iko motoni. Sidai kila shule ijengewe karakana ya fahari. Tanuru la kufulia patasi halihitaji zaidi ya udongo mzuri, bomba la chuma, kipulizio cha kuzungushwa kwa mkono, na kipande kizito cha chuma kitakachokuwa fuawe. Kipande hicho kinunuliwe kihalali kwa mwenye chuma chakavu, na mwalimu aulize kilikotoka. Reli za nchi na mifuniko ya mitaro si mali ya kutengenezea elimu. Mkaa unaotumika kwa kazi hii ni kidogo ukilinganisha na unaoteketea jikoni, na pwani hata vifuu vya nazi hutoa mkaa wenye moto mkali.

Na mambo ya hatari yasemwe waziwazi, maana mapenzi yasiyo na tahadhari huzaa vilema. Macho yafunikwe miwani. Nguo ziwe za pamba, zisiwe za nailoni inayoyeyukia mwilini. Bati na chuma chochote kilichopakwa zinki kisitiwe motoni, kwa kuwa moshi wake ni sumu. Mafuta ya kuzimia chuma yawe katika chombo cha chuma chenye kifuniko, ili yakiwaka yafunikwe. Wala asitokee mtu wa kuyamwagia maji. Mwalimu asiyeweza kuyasimamia haya asiwashe moto.

Huenda mtu akasema: tuna upungufu wa madarasa, na wewe unatuletea mivukuto. Ninaujua upungufu huo. Nimezichapa barua zake kwa miaka mingi. Lakini upungufu wa madarasa hautamalizwa na vijana wasiojua kunoa patasi. Dawati linavunjika, linatupwa nyuma ya jengo, na shule yenye wanafunzi mia sita inaandika barua wilayani kuomba jingine. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na shule inayoomba hata bawaba ya dirisha haiwezi kumfundisha mtoto kujitegemea, hata ikiyaandika maneno hayo langoni kwa rangi nyekundu.

Maafisa utamaduni nao nina neno nao. Katika matamasha yetu huwa tunamleta mzee mmoja na mivukuto yake, anavukuta kwa dakika tano mbele ya mgeni rasmi, anapigwa picha, kisha anarudishwa kwenye lori pamoja na ngoma. Tamasha lijalo tufanye vingine. Mzee apewe siku tatu na vijana kumi, wavulana kwa wasichana, na kila kijana asiondoke mpaka awe amefua patasi moja na kuijaribu kwenye mninga mbele ya watu. Zitakazokunjika zikunjike hadharani, na mzee aeleze kwa nini. Majaji wa sanaa waje na daftari zao wazitazame, wazipe alama kama wanavyovipa alama vinyago, kwa sababu kinyago kinachopewa zawadi kilianzia hapo.

Na wewe kijana, ukimkuta seremala uani kwake jioni, moto unawaka na mikono imejaa masizi, usicheke kwa kuwa umemwona mwalimu wako akicheka. Msalimie: shikamoo, fundi. Kisha mwombe akuonyeshe rangi ya majani makavu inapofika ukingoni mwa patasi. Hukaa kwa pumzi chache tu, kisha hupita, na asiyeijua hawezi kuelekezwa kwa maneno, hata yakiwa maneno ya mshairi.